Fundi wa Kiti cha Nyuma

Mtu yeyote aliyejifunza tukutuku kwa Fundi pale Mbeya (ndivyo tulivyoita pikipiki siku hizo) atakwambia kitu kile kile: siku ya kwanza hukugusa usukani. Ulikaa nyuma. Yeye alikaa mbele, akapiga kiki, akakuzungusha kwenye uwanja wa majani nje ya mji, na wewe umekatazwa mambo matatu: usimshike, usifumbue macho, usiseme neno. Mikono yako ishike chuma cha keria, basi. Mkisimama anakuuliza, "Umejua nini?" Nami, Mhehe mjeuri wa miaka ishirini na mitatu, nikamjibu, "Ningejua nini, Fundi, nawe umenifumba macho?" Akasema, "Basi na kesho utakaa."

Nilikaa nyuma siku nne. Makalio yaliniuma, wenzangu wa hospitali wakanicheka, wakaniita gunia. Siku ya tano nikachoka kujifanya mwanamume, nikamwambia ukweli: kwamba nilikuwa naogopa, na kila tulipoingia shimoni nilitamani kumwomba aende pole pole lakini sikuruhusiwa. Kisha akashuka, akasema, "Haya, sogea mbele."

Namwita Fundi kwa sababu watu wote walimwita hivyo. Ukoo wake siwezi kuuandika na hautakusaidia. Alikuwa Mnyakyusa wa huko Rungwe, mtu mrefu mwenye vidole vyeusi vya grisi visivyotakata hata Jumapili. Wakati wa vita kuu alipeleka barua za jeshi kwa tukutuku katika nchi ambazo hakupenda kuzitaja. Vita vilipokwisha akaajiriwa gereji moja ya Mhindi karibu na soko, na jioni aliwafundisha watu waliotaka leseni: makarani, mabwana shamba, makatekista, na sisi wa dawa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, tena mkali.

Na alikuwa na jambo lake, ambalo Mbeya nzima ililijua. Nalisema mapema, maana usipolijua hutamwelewa mtu huyu hata kidogo.

Miaka kama mitatu kabla sijamfahamu, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa kujifungua na mtoto amekaa vibaya. Nyumba yao ilikuwa juu huko, barabara ya Tukuyu. Masika imekazana, lori la abiria limezama matopeni tangu juzi yake. Mume wa yule binti alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu. Mwenye chombo cha kumfikisha hospitali alikuwa mmoja tu, baba mkwe wake.

Sasa, Wanyakyusa siku hizo, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Mke hamtazami mzee, hamtaji jina, hasemi naye. Akimwona anakuja njiani huingia migombani akajifunika nguo mpaka mzee apite. Mzee naye akikaribia nyumba hukohoa, ili binti wa watu apate kujificha. Sisi Wahehe tunawaheshimu wakwe zetu, lakini jamani, si kwa kiasi hicho.

Basi mama mkwe akamfunika yule binti uso kwa shuka, akampandisha nyuma, akamkalisha kiupande. Katikati yake na mzee akaweka gunia la pumba wasigusane. Akamwambia ashike chuma. Mzee hakugeuka, akaondoka taratibu kadiri alivyoweza, macho mbele, maana kugeuka ni kumvunjia heshima. Wakapita daraja la magogo lililo upande wa Isyonje. Baada ya hapo, aliniambia kwa mdomo wake, tukutuku ikawa nyepesi. "Nikadhani barabara imekuwa nzuri," alisema. "Nikamshukuru Mungu."

Alikwenda zaidi ya maili moja hivyo, akishukuru. Ng'ombe wakamzuia barabarani, akafunga breki, gunia likaanguka chini, na ndipo alipogeuka.

Alimkuta ameketi kando ya barabara, mvua inamnyeshea, ameugeukia ukingo wa udongo, na ile shuka bado ameishikilia usoni ili baba mkwe asimwone. Mtoto alikufa, mama akapona. Mwana aliporudi kutoka Makongolosi hakusema na baba yake. Alichukua nguo zake akarudi huko huko. Yule mwanamke naye akaondoka, akamfuata shangazi yake aliyeolewa Iringa. Hakumlaumu mtu wala hakueleza lolote.

Fundi akabaki na swali moja. Je, aliita? Mikono ilipomchoka pale darajani, aliita na yeye hakumsikia, au alinyamaza? Aliyejua ni mtu mmoja tu duniani, na huyo ndiye asiyeweza kumwuliza, maana hawasemi. Nilipomfahamu alikuwa ameshaishi na swali hilo muda mrefu, nalo lilikuwa limemwingia hadi kwenye kazi ya mikono yake.

Kelele, kwa mfano. Alichukia mlio wa egzosi kuliko alivyochukia pombe, na pombe aliikemea kila Jumapili. Vijana wa mjini walipenda kuitoboa egzosi ili chombo kilie wasichana wasikie. Kikiingia gereji kwa ajili ya plagi au breki, Fundi anaiziba ile egzosi bila kuambiwa. Siku moja tajiri wake alimgombeza mbele yetu: "Mwenyewe ametaka ilie, wewe umeinyamazisha. Nitamwambia nini?" Fundi akafuta mikono. "Mwambie imepona."

Ukishakubaliwa kukaa mbele, yeye ndiye anakaa nyuma, na kitabu kidogo cha Zaburi mfukoni. Wewe unahangaika na klachi na gia, jasho linakutoka, yeye nyuma yako anasoma kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesali peke yake. Mkisimama hakuulizi habari ya gia. Anakuuliza, "Nimesoma mstari gani?" Hukuusikia? Zunguka tena. Karani mmoja wa boma, hodari kweli, anapinda kona kwa mkono mmoja, alizungushwa wiki tatu mpaka akatukana. Fundi akamwambia, "Polisi watakupima kama unaweza kwenda. Mimi nakupima kama unaweza kusimama ukiambiwa."

Alikuwa na maneno yake mengi ya namna hiyo. Klachi ishikwe kama unavyoshika mkono wa mgonjwa. Breki ya mbele ni ya mwenye akili, ya nyuma ni ya mwenye woga, nawe uwe nazo zote mbili. Usimwamini mtu anayekwambia anaijua barabara ya Tukuyu. Mengine yalikuwa ya kuudhi tu, kama lile la kwamba Wahehe tunaendesha kama tunafukuza mbwa.

Nikwambie jinsi nilivyopata tukutuku yangu ya kwanza, maana hadi leo sijui kama nimemsamehe. Mkubwa wangu hospitalini alikuwa ameniahidi kazi ya dresa wa safari, yaani kuzunguka vijijini na sanduku la dawa, mradi niwe na leseni na chombo. Siku hizo zilikuwepo mbili za kuuzwa. Moja ilikuwa kubwa, ya jeshi, tangi pana, mlio wake unausikia tumboni. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijani iliyopauka, mali ya padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mimi nilikuwa na mchumba Tosamaganga. Nilitaka anisikie nikiwa bado njiani huko Kalenga, atoke nje, na majirani watoke. Nikaiweka mikono juu ya lile tangi la jeshi nikajua hii ndiyo yangu.

Fundi akasema, "Kaa nyuma."

Loh! Nikakaa. Akanipeleka njia ya uwanjani, akasema kitu bila kugeuka. Nikamwuliza, "Unasemaje?" Hakunisikia. Nikapaza sauti, wapi. Akasimama, akaniambia, "Nimekuuliza leo umekula nini. Umenijibu?" Tukarudi, tukapanda ile ndogo ya padri. Nikajibu kwa sauti ya kawaida kwamba nimekula ugali na maharage. Akasema, "Maharage ya asubuhi au ya jana?" Nikasema ya jana. Basi ikawa imekwisha, hapakuwa na mjadala. Nilinunua tukutuku ambayo kuku walikuwa hawaikimbii. Nikanuna wiki nzima, na mchumba wangu siku nilipofika kwao alikuwa jikoni, hakujua kama kuna mtu amekuja mpaka nilipobisha hodi.

Na leseni yenyewe Fundi alinipotezea mara ya kwanza. Mtihani ulifanywa kwenye uwanja wa polisi. Madebe yamepangwa, unazunguka namba nane bila kuweka mguu chini, halafu unapanda kilima kidogo, unasimama katikati, unaondoka bila kurudi nyuma. Ofisa Mzungu anatazama na karatasi yake, sajini amesimama karibu na madebe. Nilikuwa nazunguka vizuri, naapa. Nilipompita yule sajini akamwambia mwenzake polepole, "Huyu atafaulu." Nikasimama. Pale pale katikati ya namba nane, mguu chini.

"Kwa nini umesimama?" Mzungu akauliza.

"Kuna mtu amesema nyuma yangu, bwana."

Akaandika. Sajini alinitazama kama mgonjwa wa akili. Nilikwenda gereji karibu nilie, nikamweleza Fundi, na ndiyo mara moja tu niliyomwona akicheka hadi machozi. Alinipiga bega kwa ile mikono ya grisi, akaliharibu koti langu jeupe. "Umefeli vizuri," alisema. "Umefeli vizuri sana, mwanangu." Baada ya mwezi nilirudi, nikaziba masikio kwa pamba ya hospitali, nikafaulu. Hilo sikumwambia.

Sasa ubaya wake, maana sitaki umwone malaika. Huyu mzee alisimama kwenye baraza la kanisa, watu wengi walimsikia, akasema Wakristo tuache mambo ya kujifichana. Bwana Yesu alikula na kila mtu, sisi wake zetu wanajificha migombani kama wezi? Alisema kwa uchungu, na kila mtu alijua kwa nini. Wengine wakamfuata. Lakini Jumapili moja alinialika kwake kula ndizi na samaki. Hapo alikuwa na mwana mwingine aliyeoa karibuni. Tulipobakiza hatua kama ishirini kufika uani, Fundi akakohoa. Si kikohozi cha mafua. Nikasikia miguu ya mtu inakimbia nyuma ya jiko, mlango ukafungwa. Nikamtazama usoni, na mzee alikuwa ametabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefika kwake. Chakula chetu yule mke wa mwana alimpa mkewe mlangoni, mkewe akatuletea. Niliona aibu kwa niaba yake.

Hakumpakia mtu tena maishani, ukiondoa sisi wanafunzi. Mtu akimwomba lifti, hata mchungaji wake, angeshuka akaisukuma tukutuku watembee pamoja, maili mbili, tatu. Na akiwa peke yake barabarani husimama kila baada ya mwendo fulani, anageuka, anatazama kiti cha nyuma kitupu, kisha anaendelea. Wanawake waliobeba ndizi kwenda sokoni walikuwa wakiharakisha kumpita. Walisema kuna mtu anampakia.

Mimi sikuamini hayo. Mimi mtu wa dawa. Lakini nilikwenda naye mara moja Tukuyu kuchukua vyuma, yeye na chombo chake, mimi na changu cha padri. Tulipofika lile daraja la magogo akazima. Nami nikazima. Ilikuwa adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa umeteremka, huoni hatua kumi, maji yanapita chini ya magogo. Nikatia mikono kwapani kwa baridi.

"Wewe baki hapa," akaniambia. "Nikiondoka uanze kuita."

"Niite nini?"

"Chochote. Ita kama mtu anayeanguka."

Akapiga kiki, akaondoka taratibu. Nikaita, "Fundi!" Nikaita tena. Ukungu ukammeza, mlio wa injini ukafifia, na mimi nimesimama pale darajani napiga kelele peke yangu, na kadiri nilivyoita ndivyo nilivyoogopa kwamba kuna atakayeitika ambaye si yeye. Mwishowe nilikuwa naita kweli, si mchezo. Niliita hadi sauti ikakwaruza.

Akarudi baada ya muda ambao niliuona mrefu mno. "Umeita mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Fundi. Mara nyingi."

"Sikusikia hata moja," akasema. Na uso wake ulikuwa umetulia. Alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, tukala tumesimama, halafu tukaendelea na safari. Baadaye niligundua kwamba si mimi wa kwanza. Amewaweka wanafunzi wake wengi pale darajani, masika na kiangazi, wenye sauti nene na wenye sauti nyembamba. Nikajisemea, maskini mzee, anajitesa kwa kutosikia. Ndivyo nilivyolielewa jambo lile, na kila mtu Mbeya alilielewa hivyo.

Nilihamishwa kwenda Iringa. Asubuhi ya kuondoka alikuja kunikagulia mnyororo na plagi, akanifungia sanduku la dawa kwa kamba upya, hakuridhika na fundo langu. Alipomaliza hakuondoka. Akazunguka ile tukutuku mara mbili.

"Yuko Iringa," akasema. "Nasikia anafua nguo kwenye hospitali ya misheni, huko kwenu."

Nikamwambia nitamtafuta.

"Wewe si mtu wa nyumba yetu, unaweza kusema naye. Mwulize neno moja tu. Aliita? Basi. Usiongeze lako, na akijibu usipunguze. Lilete kama lilivyo." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, kitu ambacho mzee kama yeye hamfanyii kijana. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Asante sana, ndiyo maana yake, kabla hata sijafanya kitu.

Nilikaa Iringa karibu mwaka mzima kabla ya kwenda kumwona. Nilikuwa nasema kazi nyingi. Uongo, niliogopa. Nilioa, nikapata na mtoto, na siku mtoto alipozaliwa salama nikaona haya, kesho yake nikaenda.

Nilimkuta nyuma ya hospitali, anaanika mashuka. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mikono imefura kwa sabuni na maji baridi ya Iringa. Nikamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na alivyogeuka nikajua kwamba ameshajua ninakotoka.

"Bado anaendesha?" akauliza.

"Bado. Anafundisha watu."

"Macho yake?"

"Macho mazuri. Ameniagiza nikuulize neno moja." Nikalisema lile neno kama nilivyopewa. Akaendelea kuanika. Alimaliza shuka moja, akachukua la pili, akalikung'uta.

"Niliita," akasema. "Mara tatu. Ya kwanza nilisema simama. Ya pili nikasema simama. Jina lake siwezi kulitaja, ningemwitaje? Ya tatu nilikuwa naanguka, nikaita mama." Akabana lile shuka kwa vibanio, moja, mbili. "Kaka, sikuwahi kumsemesha kabla ya siku ile. Siku ya kwanza kumsemesha ndiyo ile, na hakunisikia."

Nikasema pole.

"Lakini usimwambie hivyo," akasema kwa ukali wa ghafla. "Yule ni mzee. Alinirudia kwenye mvua ile akimwita Mungu kama mtoto. Alinisukuma kwenye chombo kile hadi mjini hakupanda, alitembea, ili nisianguke tena. Hilo watu hawasemi. Mwambie sikuita. Mwambie nilinyamaza, niliteleza tu, hakuna ambacho angesikia. Aweze kulala." Akajifuta uso kwa mkono wenye povu. "Unaniahidi?"

Nikamwahidi. Nilikuwa nimeahidi watu wawili vitu viwili visivyokaa pamoja, na sikujiuliza hata kidogo nishike kipi. Nilijua. Kazi yangu ilikuwa dawa.

Nilipata likizo, nikaondoka na ile ile ya padri, Sao Hill, Makambako, Chimala, siku mbili za vumbi. Njia nzima nilikuwa nafurahi. Ndiyo, nafurahi! Nilijiona nimebeba kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubeba kwenye sanduku lile.

Mjini nikaambiwa Fundi ameacha gereji. Nikapandisha hadi kwake. Ilikuwa saa kumi hivi za jioni, jua bado kali, na yeye ameketi kibarazani ana kabureta mapajani, anaisafisha kwa unyoya wa kuku. Niliingia hadi uani na injini inawaka, hakuinua kichwa. Nikazima, nikasema hodi, hakuinua kichwa. Mkewe akatoka, akanipokea mzigo, akaonyesha masikio yake kwa kidole. "Tangu masika," akasema. "Mpaka upige kelele."

Nikamgusa bega. Akanitambua, akafurahi, akataka kusimama nikamkatalia. Halafu furaha ikamtoka usoni pole pole, akaweka kabureta chini.

"Umemwona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema."

"Hakuita," nikasema polepole.

Akatega sikio. "Eti?"

"Hakuita, Fundi!"

Akanisogelea, mkono nyuma ya sikio. Nikapiga kelele, mkewe akasikia na jirani aliyekuwa analima akasikia, nikasema lote kama nilivyofundishwa: "HAKUITA! ALINYAMAZA! ALITELEZA TU, HAPAKUWA NA KITU CHA KUSIKIA!"

Nikasubiri nafuu imfike. Nimeona wagonjwa wengi maishani, najua uso wa mtu ambaye maumivu yamemwachia. Haukuwa ule. Mzee alishusha mkono kutoka sikioni akaulaza gotini, akautazama.

"Alinyamaza," akasema.

Mkewe alikuwa ameshika mzigo wangu bado.

"Miaka yote hii nilikuwa naomba awe aliita," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kusomea Zaburi. "Kama aliita, basi ni injini. Ni mvua. Ni masikio. Mtu anaweza asisikie, nimepima mwenyewe, nimewaweka watu pale nimepima. Lakini kama alinyamaza..." Akanyamaza na yeye. "Basi alikuwa ananiogopa mimi kuliko kuanguka. Mtoto tumboni, na bado akaona afadhali aanguke kuliko kunisemesha. Mimi ndiye niliyetaka waniogope hivyo. Nilikuwa naweza kumwachia mwiko ule siku yoyote, neno moja tu, mimi ni mzee wa kanisa. Nilipenda, mwanangu. Nilipenda wanavyokimbia."

Nikaona lile daraja, na uso wake ulivyotulia alipokuja kuniambia hakusikia, na mimi nilivyokula muhogo wake bila kuelewa kitu. Mjinga mkubwa mimi. Nikapiga magoti pale kibarazani, nikamshika mikono, nikaweka mdomo wangu sikioni kwake.

"Aliita! Fundi, nimekudanganya! Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, alikuonea huruma! Aliita mara tatu! Alisema simama, simama, halafu akamwita mama yake!"

Akanitazama kwa upole ambao sitausahau, upole ambao sikuustahili. Akatoa mkono mmoja kwenye mikono yangu, akanipangusa vumbi la safari kwenye paji la uso.

"ALIITA!" nikapiga kelele, huku nalia. "WALLAHI ALIITA!" Mhehe wa Tosamaganga, Mkatoliki wa kubatizwa, naapa Kiislamu ili niaminiwe.

"Usijitese, mwanangu," akasema. "Una moyo mzuri. Lakini nilikuwa nimekusikia tangu ile ya kwanza, uliposema polepole."